Kununua Simu Iliyotumika Mtandaoni Bila Kulizwa: Mwongozo Kamili

Ukinunua baiskeli iliyotumika, aliyekukabidhi baiskeli amekukabidhi yote. Simu haiko hivyo. Unaweza kuwa umeilipia, umeitia mfukoni, boksi na risiti unavyo, na bado ikawa ya mtu mwingine. Umiliki wa simu janja umeandikwa mahali ambapo jicho halifiki: kwenye akaunti ya Google au ya Apple iliyofunguliwa ndani yake, kwenye orodha ambazo kampuni za mitandao hutumia kuzifungia simu zilizoibwa, na wakati mwingine kwenye mfumo wa mkopeshaji au mwajiri aliyeitoa simu hiyo mara ya kwanza. Wengi wanaolizwa hulizwa hapo, huku wakiwa wameinamia kioo kutafuta mikwaruzo.

Mwongozo huu unafuata safari yenyewe, tangu tangazo hadi siku ya kwanza ukiwa na simu. Mikwaruzo nitaigusa, lakini sehemu kubwa nimeiacha kwa ajili ya umiliki. Pesa inakuja mwisho. Ukiitanguliza, hatua nyingine zote zinabaki kuwa za kujifariji.

Jua simu unayoitaka kabla ya kuuliza bei

"Natafuta simu kali ya bei poa" ni sentensi ambayo matapeli wanaipenda sana, kwa sababu anayetafuta kitu kisicho na jina hushawishika na chochote. Chagua modeli moja au mbili, soma sifa zake kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisha pitia matangazo kumi na zaidi uone ikiwa imetumika inauzwa kiasi gani. Ukishaijua bei ya kawaida, tangazo la ajabu litajitangaza lenyewe. Simu inayouzwa nusu ya bei ya wenzake ina sababu, na ni mara chache sababu hiyo ikawa ukarimu.

Kuna mambo mawili watu huyasahau hapa. La kwanza ni umri wa programu. Kila simu hupokea masasisho ya usalama kwa miaka fulani tu, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa pale modeli ilipoingia sokoni, hata kama wewe umeinunua miaka mitatu baadaye. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, Samsung nayo ikaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024. Simu nyingi za kabla ya hizo zilipewa muda mfupi zaidi, na za bei ya chini mfupi kuliko huo. Kwenye Android, fungua Mipangilio, ingia sehemu ya kuhusu simu, utafute tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama ni ya miaka miwili iliyopita na simu inasema haina sasisho jipya, ujue umri wake umekwisha, na ipo siku programu ya benki itakataa kufunguka humo.

La pili ni soko ambalo simu ilitengenezewa. iPhone zilizotoka Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa tundu la laini, zinatumia eSIM peke yake, yaani laini ya kidijitali iliyomo ndani ya simu. Kama mtandao wako hautoi eSIM, hapo umenunua kamera. Simu nyingine zimefungwa zitumie mtandao mmoja tu. Kwenye iPhone ingia Settings, kisha General, kisha About, utafute mstari wa Carrier Lock: maneno "No SIM restrictions" yanamaanisha iko huru. Kwenye Android njia ya uhakika ni kuweka laini yako na kupiga.

Mpime muuzaji kwa maswali madogo

Usianze na "mwisho bei gani". Anza na ujumbe wa namna hii:

"Habari ndugu. Nimeiona simu yako na nimevutiwa nayo. Naomba kujua umeitumia muda gani, imewahi kufunguliwa na fundi, na kwa nini unaiuza? Pia nipigie picha moja ikiwa imewashwa, pembeni yake karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo."

Mwenye simu mkononi hutumia dakika moja kuyafanya hayo. Asiye nayo ataanza hadithi: simu iko kwa mdogo wake, kamera ya hiyo nyingine imeharibika, picha za tangazo si zinatosha? Hazitoshi. Picha za tangazo zichukue uzitafute kinyumenyume kwa Google Lens au TinEye. Picha ileile ikitokea kwenye tangazo la mji mwingine au la mwaka uliopita, kazi imeisha, tafuta kwingine.

Angalia pia akaunti ya muuzaji. Imefunguliwa lini? Ameuza nini kabla? Mtu anayesema anauza "simu yangu binafsi" huku ana matangazo sita ya simu binafsi ana kitu anachoficha, hata kama ni biashara halali tu ambayo hataki kuitaja.

Kuna ishara moja ambayo watu huipokea kwa moyo mkunjufu wakati ingewatia wasiwasi: muuzaji anayekutumia picha ya kitambulisho chake bila kuombwa. "Ona bosi, mimi si tapeli, hiki hapa kitambulisho." Picha za vitambulisho vya watu huzunguka mitandaoni kama vipeperushi, na nyingi zilitolewa na watu waliolizwa kabla yako. Kwa sababu hiyohiyo, wewe usimtumie yeyote picha ya kitambulisho chako, wala usimsomee namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako, hata akisema ni ya "kuhakikisha kwamba wewe ni mnunuzi wa kweli".

Akikuvuta muhame kwenye jukwaa la tangazo mkazungumze pengine, kataa mpaka mmalizane. Mazungumzo ya ndani ya jukwaa ndiyo ushahidi utakaoutegemea mambo yakiharibika. Na akikuambia kuna mtu yuko njiani anakuja kuichukua, mwambie ampe huyo wa njiani.

IMEI: soma tarakimu 15 kabla ya kutoka nyumbani

Kila simu ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, yaani IMEI. Simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Inapatikana kwa kupiga *#06#, na pia imeandikwa kwenye Mipangilio, kwenye boksi, na kwa baadhi ya simu kwenye kisahani cha laini.

Tarakimu 8 za mwanzo zinataja modeli, 6 zinazofuata ni za simu yenyewe, na ya mwisho inakokotolewa kutokana na 14 zilizotangulia. Maana yake ni kwamba mtu akibuni namba kichwani, mara tisa kati ya kumi haitakubali hesabu, na tovuti ya kukagua IMEI itaikataa papo hapo. Ikikubali, tovuti itakutajia modeli. Ukiambiwa unauziwa Galaxy ya juu na IMEI inataja simu nyingine kabisa, huna haja ya kuuliza swali la pili.

Kazi kubwa ya IMEI ni kujua kama simu imeripotiwa kuibwa au kupotea. Simu iliyoorodheshwa huwaka, hushika Wi-Fi, hupiga picha, hucheza video. Inachokosa ni mtandao wa simu. Muulize mtoa huduma wako au mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako ni njia gani rasmi ya kukagua, uitumie hiyo kabla ya tovuti za mitaani. Na kumbuka kwamba orodha za nchi hazijaungana zote: simu iliyofungiwa nchi moja inaweza kupiga vizuri nchi ya pili, kisha ikakatika siku ambayo nchi hiyo ya pili itaanza kubadilishana orodha na ya kwanza.

Muuzaji anaweza kusita kukupa IMEI kamili, na si lazima awe mwizi. Wapo wanaonakili namba za simu safi ili kuzivisha simu chafu. Hapo mpe njia ya kati: akutumie tarakimu 8 za mwanzo uthibitishe modeli, zilizobaki mzikague pamoja siku ya kukutana. Anayekataa hata hilo, mwache.

Mkikutana, linganisha namba sehemu tatu: *#06#, Mipangilio, na boksi. Zikitofautiana simu na boksi, huenda ni boksi la simu nyingine tu. Zikitofautiana *#06# na Mipangilio, simu imechezewa. Kubadilisha IMEI ni kosa la jinai katika nchi kadhaa. Uingereza iliipitishia sheria yake tangu mwaka 2002.

Sasa nikiri langu. Niliwahi kununua simu iliyokuwa safi kwenye ukaguzi wote, IMEI safi, akaunti imeondolewa, muuzaji mstaarabu kupita kiasi. Wiki tatu baadaye mtandao ukapotea na haukurudi. Aliyeniuzia alikuwa ameiripoti kama imeibwa baada ya kupokea hela yangu. Ukaguzi wa IMEI unasema hali ya leo, hausemi ya mwezi ujao. Kinga pekee niliyoipata ni karatasi: hati fupi ya mauziano yenye IMEI, tarehe, bei, majina na sahihi za wote wawili, pamoja na nakala ya risiti ya kwanza ya dukani kama ipo. Anayepanga kukufanyia mchezo huo hapendi kuweka sahihi chini ya IMEI. Mwangalie mkono wake unavyochukua kalamu.

Siku ya kukutana

Kutana mchana, mahali penye watu, taa na ulinzi. Ukumbi wa benki au jirani na kituo cha polisi panafaa kuliko kona yoyote. Nenda na mwenzako. Usipande gari la muuzaji, na usikubali kuhamishwa mahali dakika za mwisho.

Beba laini yako, pini ya kutolea laini, waya wa chaja na betri ya akiba, spika za masikioni, na simu yako nyingine yenye bando ili uweze kurusha intaneti. Watu husahau intaneti, na ndiyo itakayokuokoa.

Muuzaji asiye na hatia hatapenda kufuta simu yake halafu wewe ukasema hujapenda rangi. Basi kagua mwili kwanza, wakati simu bado ina mambo yake, na kufuta kuwe kitu cha mwisho kabla ya malipo.

Mwili wa simu: dakika kumi na tano bila aibu

Ilaze simu juu ya meza ya bapa uitazame kwa ubavu. Kioo kilichoinuka pembeni au mgongo uliotuna ni betri iliyovimba. Hiyo irudishe, wala usiombe punguzo, kwa sababu betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Toa kisahani cha laini, umulike ndani ya tundu kwa tochi. Simu nyingi zina kialama cheupe humo ambacho hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Chekundu ni jibu tosha, hata muuzaji akiapa. Na maneno ya tangazo kwamba simu "haiingii maji" yachukue kwa tahadhari: ulinzi huo ulipimwa kiwandani simu ikiwa mpya, na ikishafunguliwa na fundi hakuna wa kuudhamini.

Kioo kifanyie majaribio mawili. Fungua picha nyeupe tupu, mwanga ukiwa juu kabisa, utafute madoa, mistari, na vivuli vya alama zilizoganda, kwa mfano kivuli cha kibodi upande wa chini. Kisha shika alama ya programu yoyote uikokote taratibu kila pembe ya kioo. Ikidondoka mahali fulani kila mara, mguso umekufa hapo. Kwenye simu nyingi za Samsung, kupiga *#0*# hufungua ukurasa wa majaribio wenye rangi, mguso, mtetemo na kamera mahali pamoja.

Halafu endelea hivi:

- Piga simu ya kweli kwa laini yako. Sikiliza, sema, weka spika ya nje. Ukiisogeza sikioni kioo kizime. Kisipozima, kihisio kimekufa au kioo kilibadilishwa vibaya.
- Rekodi sauti, kisha rekodi video. Maikrofoni za kazi hizo mbili mara nyingi si moja.
- Piga picha kwa kila lenzi, ya mbele na za nyuma, karibu na mbali. Tazama kama picha inatetemeka au ina ukungu.
- Sajili kidole chako au uso wako, usiridhike na kuona kwamba cha muuzaji kinafanya kazi. Face ID, yaani utambuzi wa uso wa iPhone, ikikataa kusajili, ukarabati wake si wa fundi wa kila kona.
- Chomeka chaja, tikisa waya kidogo. Ikikata na kurudi, tundu limechoka.
- Washa Wi-Fi, Bluetooth na ramani.

Betri inastahili neno lake. iPhone huonyesha asilimia ya uwezo uliobaki. Apple yenyewe inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 kamili ya kuchaji, na za iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000. Simu ya miaka minne inayoonyesha asilimia 100 ama imebadilishwa betri ama namba imechezewa. Kubadilishwa si dhambi, ila muuzaji aseme. Kwa iPhone zenye iOS 15.2 na kuendelea, ukurasa wa About unaonyesha historia ya vipuri: ukisoma "Unknown Part" kwenye kioo au betri, kipuri kile si cha Apple au hakikuthibitishwa. Hapohapo tazama herufi ya kwanza ya Model Number: M ni simu iliyouzwa mpya, F imefanyiwa ukarabati na kuuzwa tena, N ilitolewa kubadilisha iliyoharibika. Ukiambiwa "nilinunua mpya dukani" na herufi ni F, hadithi na simu hazijakubaliana.

Kuhusu feki: iPhone ya kuigiza mara nyingi ni Android iliyovishwa nguo za mwenzake. Bonyeza alama ya App Store. Ikifungua duka la Google, vua miwani uondoke. Kwa Android feki, sifa zinazoonekana kwenye Mipangilio huwa zimeandikwa tu na mtu, kwa hiyo zisikudanganye. Kamera mbovu, kioo chenye rangi zilizopauka, na IMEI isiyolingana na modeli ndiyo mashahidi wa kweli.

Makufuli ya akaunti: hapa usiwe na haraka

Apple ilileta kufuli la uamilishaji na iOS 7 mwaka 2013. Google ikafuata na lake kwenye Android 5.1 mwaka 2015. Wazo ni moja: mwizi akiifuta simu kwa nguvu, ikiwaka itamdai barua pepe na nenosiri la mwenye nayo, na bila hayo haiendi popote. Makufuli haya yamewasaidia wengi walioibiwa. Kwa mnunuzi mzembe ndiyo ukuta anaogongana nao usiku, akiwa peke yake na simu ya muuzaji haipatikani.

Utaratibu uwe huu, mbele ya macho yako.

Kwanza muuzaji afungue simu kwa kidole au PIN yake mwenyewe. Asiyejua PIN ya simu anayoiuza hana simu ya kuuza.

Pili, aondoe akaunti. Kwenye iPhone azime Find My, yaani huduma ya kuitafuta simu, na atoke kwenye akaunti yake ya Apple. Simu itamdai nenosiri. Kwenye Android aondoe akaunti ya Google, na asisahau ya mtengenezaji, kwa sababu Samsung na Xiaomi wana akaunti zao zinazoweza kufunga simu kivyake. Afute pia eSIM yake.

Tatu, aifute simu kupitia Mipangilio, si kwa kubana vitufe vya pembeni. Kufuta kwa vitufe hakuondoi akaunti, na tapeli anaweza kukuonyesha simu "iliyofutwa" ambayo kufuli lake linakusubiri hatua mbili mbele.

Nne, simu ikiwaka na salamu za mwanzo, ishike wewe. Iunganishe na intaneti uliyoirusha kutoka simu yako, upite hatua zote mpaka ufike kwenye skrini ya nyumbani. Ukikuta kitufe cha kuruka Wi-Fi, usikibonyeze. Makufuli ya mkopo na ya kampuni hurudi simu inapokutana na mtandao, na muuzaji anayejua hilo atakuhimiza uruke hatua hiyo "kuokoa muda".

Hili la mkopo linahitaji msisitizo. Siku hizi simu nyingi huuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo, na mkopeshaji huweka programu inayoifunga simu rejesho likichelewa. Mtu akichoka kulipa, anaiuza. Simu inafanya kazi vizuri tarehe ya mauzo, kisha inafunga wiki inayofuata na kukudai deni usilolijua. Kabla haijafutwa, tafuta programu ya mkopeshaji, na angalia kwenye Mipangilio kama kuna msimamizi wa kifaa, yaani programu iliyopewa mamlaka juu ya simu. Kwenye iPhone inayosimamiwa na kampuni, juu kabisa ya Settings huandikwa kwamba simu iko chini ya uangalizi wa shirika. Muuzaji akisema deni limeisha, aonyeshe uthibitisho wa mkopeshaji.

Ukiambiwa "wewe nenda nayo, nenosiri nitakutumia jioni", jibu ni kwamba hata pesa utaituma jioni. Mwenye akaunti halali hana kisingizio cha umbali: anaweza kuiondoa iPhone kwenye akaunti yake kupitia tovuti ya iCloud akiwa popote duniani, kwa dakika chache. Na simu "iliyovuliwa kufuli" na fundi kwa ujanja usiiguse, kwani mara nyingi hujifunga tena ikisasishwa.

Kuna mtego wa kinyume pia: muuzaji anakuomba uingie kwenye akaunti *yake* ya iCloud kwa simu *yako*, eti uone picha za simu au uthibitishe kwamba ni yake. Ukishaingia, ataitangaza simu yako kuwa imepotea, aifunge, kisha aanze kukudai hela ya kuifungua. Akaunti ya mtu mwingine haiingii kwenye simu yako kwa sababu yoyote.

Kama simu inatumwa

Sipendi kununua simu ya kutumwa kwa mtu binafsi, na nikiulizwa ushauri nasema kutana. Lakini umbali upo. Basi nunua pale ambapo jukwaa lenyewe linashika pesa mpaka uthibitishe umepokea, na usome muda wa kulalamika ni siku ngapi. Usitoke nje ya mfumo huo kwa ahadi ya punguzo. "Wakala wa kushika pesa" aliyependekezwa na muuzaji, mwenye tovuti ya kupendeza, mara nyingi ni muuzaji yuleyule aliyevaa kofia nyingine.

Kwa wauzaji wa simu zilizokarabatiwa, madaraja ya A, B na C hayana kipimo kimoja cha dunia nzima. Soma A ya duka hilo ina maana gani, na dhamana inagusa betri au haigusi.

Mzigo ukifika, anza kurekodi video kabla ya kuukata. Onyesha lebo, mihuri, ufunguaji, na IMEI kwenye kioo, bila kukatisha. Kisha fanya majaribio yote ya juu siku hiyohiyo, maana muda wa kulalamika haukusubiri.

Malipo

Kanuni ninayoitumia: nalipa kwa njia inayoweza kurudishwa kama sijaishika simu, na nalipa kwa njia yoyote salama kama nimeishika na imefika skrini ya nyumbani. Kadi na malipo ya ndani ya jukwaa yana mlango wa kudai. Uhamisho wa benki, pesa za simu, kadi za zawadi na sarafu za kidijitali vikishaondoka, kuvirudisha ni shida. PayPal inalinda mnunuzi kwenye malipo ya bidhaa, lakini ukituma kama kwa ndugu na marafiki ulinzi huo haupo, na ndiyo sababu tapeli hukuomba utume hivyo "tuepuke makato".

Amana ya "kuishikilia simu" usitoe kwa mtu usiyemjua. Kiungo cha malipo alichokutumia usikibonyeze. Ingia kwenye programu mwenyewe. Jina la anayepokea likitofautiana na la muuzaji, simama, uliza.

Siku ya kwanza

Ifute tena ukiwa nyumbani, hata kama mlishaifuta pamoja. Sasisha programu yote. Ingia kwa akaunti yako, weka PIN mpya, washa huduma ya kuitafuta simu ikipotea. Kama ni Android na ikiwaka inaonyesha onyo kwamba mfumo wake umefunguliwa, usiweke programu ya benki humo mpaka fundi unayemwamini arudishe mfumo wa kiwandani.

Hifadhi hati ya mauziano, mazungumzo, uthibitisho wa malipo na IMEI mahali pengine, si ndani ya simu hiyohiyo.

Ukishapigwa

Saa za mwanzo zina thamani. Piga benki au mtoa huduma za malipo mara moja uombe muamala usimamishwe. Fungua malalamiko kwenye jukwaa. Piga picha za skrini za tangazo na mazungumzo kabla hayajafutwa. Kisha ripoti polisi ukiwa na IMEI na namba za malipo. Simu ikigundulika imeibwa, usijaribu kuiuza kwa mwingine ili urudishe hasara. Hapo wewe ndiye utakayekuwa muuzaji wa mali ya wizi, na sahihi yako ndiyo itakayokuwa kwenye karatasi.

Baada ya hapo, jiandae kwa ujumbe wa mtu mpole anayejitambulisha kama mtaalamu wa kurudisha pesa zilizotapeliwa, kwa ada ndogo ya kuanzia. Huyo mfungie namba bila kumjibu.